Honi yatosha: jinsi ninavyotengeneza vizibo vya dashibodi za magari ya kale ya Kimarekani

Nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, ambako kijana huweza kuota ndevu kabla hajakalia kiti cha gari. Usafiri wetu ulikuwa punda na mashua. Babu yangu alinifunza kuchonga milango, na ndiyo kazi niliyoijua mpaka nilipohamia Malindi na kukuta watu wana magari mengi kuliko milango ya kuchongwa. Nikaanza kwa kushona viti, kisha paa za ndani, kisha dashibodi. Leo ukipita karakana yangu utaona patasi za babu zimelala pamoja na bisibisi na mikasi ya bati, na zote zinafanya kazi.

Kazi ninayotaka kuieleza hapa ni ndogo kwa umbo, ila imeniletea ubishi mwingi kuliko viti vyote nilivyoshona. Ni ile ya kutengeneza kizibo: kibati kinachofunika tundu la redio, la saa au la hita kwenye dashibodi ya gari la Kimarekani ambalo halikuwahi kuwa na kitu hicho.

Ndiyo, halikuwahi kuwa nacho. Watu wengi hudhani tundu lililozibwa ni la kitu kilichoibiwa. Gari la Kimarekani la miaka ya 1960 liliuzwa kama chakula cha hoteli: wali bei yake, mchuzi bei yake, na kachumbari ukitaka inaongezwa kwenye hesabu. Ford Mustang ilipotoka tarehe 17 Aprili 1964, bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368, na redio haikuwamo. Kwenye Chevrolet Camaro ya 1967, redio ya kawaida ya AM uliiagiza kwa namba U63 na kulipa dola 57.40 zaidi. Asiyetaka kulipa hakulipa. Kiwanda nacho hakikuwa tayari kutengeneza dashibodi mbili, moja yenye tundu na nyingine isiyo nalo, kwa sababu kalebu, yaani umbo la kukandamizia chuma, ni ghali mno ikilinganishwa na kibati cha kufunikia. Basi dashibodi ikawa moja, na mteja asiye na redio akapewa kizibo.

Wengine hawakuikosa redio kwa ubahili. Corvette za 1967 zenye injini ya L88 zilikuwa 20 tu, zikikusudiwa mbio, na zilitoka kiwandani bila redio wala hita. Kwa hiyo kwa wanaoyajua magari haya, kizibo huweza kuwa cha thamani kuliko redio yenyewe. Ukimwambia hivyo mtu anayeuza skrini za kisasa za dashibodi atakucheka.

Mzee na Chevrolet yake

Gari lililonifunza kazi hii vizuri ni Chevrolet ya 1966 ya mzee mmoja wa hapa Malindi. Baba yake ndiye aliyekuwa nayo kwanza. Miaka ya themanini, fundi fulani alilipanua tundu kwa msumeno ili aingize redio ya kaseti. Kaseti ikafa, redio ikatolewa, na pengo likazibwa kwa kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi ya mlango wa choo. Kikakaa hivyo miaka mingi, kikitoa kelele kila gari lilipopita kwenye tuta.

Kabla ya kuja kwangu mzee alikuwa ameshapewa ushauri wa kuweka skrini kubwa. Akaja akakaa kwenye benchi, akavua kofia, akaniambia, "Mwanangu, baba hakununua redio. Alisema gari lina honi, yatosha. Mimi nataka lirudi lilivyokuwa."

Nikamjibu, "Haya mzee, tutazame kwanza." Babu alikuwa na neno lake la Kiamu, *mato kwanda, mkono baadaye*, yaani macho kwanza, na alikuwa akilisema huku amekushika mkono wenye patasi.

Kuhakikisha kwamba kizibo kilikuwepo

Usianze kukata bati kabla hujajua gari lilitokaje kiwandani. Ukingo wa tundu uliokandamizwa na mashine ni laini, umekunjika kidogo kwenda ndani, na rangi ya kwanza imeingia mpaka kwenye kona. Ukingo wa msumeno una meno, na rangi imekatika ghafla. Kwenye gari la mzee pande mbili zilikuwa za kiwandani, upande wa chini na wa kulia ulikuwa wa msumeno. Kisha nenda nje, pitisha kidole juu ya bawa la mbele, lile bati la juu ya gurudumu, ukitafuta tundu la antena au alama kwamba liliwahi kuzibwa. Tazama pia penye matundu madogo ya spika: gari lisilo na redio huwa na wavu huo lakini nyuma yake hamna dalili kwamba spika iliwahi kufungwa.

Karatasi zikipatikana zinamaliza ubishi. Kwenye magari mengi ya Marekani ya wakati ule, karatasi ya kiwandani yenye orodha ya vitu vilivyoagizwa ilibaki ndani ya gari, na watu wameziokota kwenye springi za kiti cha nyuma au juu ya tangi la mafuta. Magari ya familia ya Chrysler yana kibati chenye namba za vitu hivyo chini ya boneti. Kwa mzee hatukupata karatasi, tulipata kiota cha panya tu. Lakini bawa halikuwa na tundu la antena, na hilo lilinitosha.

Betri kwanza, nasisitiza

Ondoa waya wa betri kabla hujaingiza mkono nyuma ya dashibodi. Najua kila fundi anasema anafanya hivyo. Mimi sikufanya kwenye gari langu la kwanza la Kimarekani, nikiamini kwamba ufunguo ukiwa mfukoni umeme umelala. Umeme wa kiberiti cha sigara hausubiri ufunguo. Saa yangu ya mkononi yenye mkanda wa chuma iligusa ncha ya waya ule na bodi kwa wakati mmoja, nikapata alama ya mkanda kwenye ngozi ambayo ninayo mpaka leo, na mwenye gari akapata kipande cha waya kilichoyeyuka. Jumamosi nzima ilikwenda kwa kazi isiyolipwa.

Jambo jingine kwa waliozoea Land Rover kuukuu: nyingi za zile ziliunga upande chanya wa betri kwenye bodi. Chevrolet hii inaunga hasi. Ukirudisha waya kwa mazoea utapika vitu. Betri ikishatolewa, tafuta ncha zote za waya zilizo wazi kwenye tundu na uzifunge kwa tepu ya umeme, hata zile unazodhani zimekufa.

Kadibodi

Hapa ndipo kazi ilipo. Mengine ni jasho tu.

Chukua kadibodi nyembamba ya boksi la biskuti. Boksi la televisheni halifai, ni nene na haliwezi kufuata mkunjo. Ibandike juu ya tundu kwa tepu ya karatasi, kisha lalaza penseli na usugue juu yake taratibu kama watoto wanavyosugua sarafu chini ya karatasi. Ukingo wa tundu utajitokeza wenyewe kama mstari mweusi, pamoja na kila jino la msumeno na kila tundu la skrubu. Andika juu yake "juu", "mbele", "kulia". Usicheke, kadibodi ikigeuzwa mezani hufanana pande zote, na bati likishakatwa kinyume halirudi.

Sasa chora mstari wa pili nje ya ule wa kwanza. Kizibo cha kiwandani hukaa juu ya ukingo kwa milimita chache tu, lakini tundu lililopanuliwa linataka zaidi. Kwa mzee niliacha milimita 8 upande wa msumeno, na ili jicho lisione upande mmoja umenenepa, nikaacha 8 pande zote. Kona niliziviringa kwa kuchora kuzunguka sarafu. Nilijaribu moja, ikawa kubwa, nyingine ndogo ikakaa sawa na kona za mlango wa droo ya dashibodi iliyo pembeni yake. Hilo ndilo jicho linalolitafuta bila kujua: kona za kizibo zifanane na kona za vitu jirani.

Kata kadibodi, irudishe, kaa kwenye kiti cha dereva na uitazame kutoka pale. Usiitazame ukiwa umepiga magoti mlangoni, dereva hapigi magoti. Mimi nilikata kadibodi nne kabla ya kuridhika. Nne ni rahisi kuliko mabati mawili.

Kama dashibodi ina mkunjo, chukua waya laini wa shaba, uukandamize juu ya dashibodi kutoka juu kwenda chini mpaka ulale, kisha uhamishe umbo hilo kwenye kipande cha mbao. Mimi nachonga kalebu ya mvule yenye mkunjo uleule, na hapo patasi za babu hurudi kazini. Bati likilazwa juu ya mbao ile na kupigwa kwa nyundo ya mpira, kidogo kidogo kutoka katikati kwenda nje, linafuata mkunjo bila kuacha vishimo. Ukianzia kwenye kingo, katikati patavimba kama chapati na hutapalaza tena.

Kuhusu kuagiza kutoka Marekani: vizibo vipya vya kuiga vya zamani vinauzwa huko, hasa vya Camaro, Chevelle na Mustang, na kama gari lako ni la usukani wa kushoto huenda ukapata kinachokaa moja kwa moja. Magari yetu mengi hapa ni ya usukani wa kulia, na dashibodi zake si lazima ziwe kioo cha zile za kushoto. Mzee alikuwa ameagiza kimoja kabla hajanijia. Kilifika kizuri, kinang'aa, na kilipungua upana wa kidole. Kwa hiyo mtumie muuzaji vipimo vya kadibodi yako kwanza, umwombe naye apime alichonacho kwa milimita. Akisema "kinaingia magari yote" tafuta mwingine.

Bati gani

Chuma cha geji 20, kama milimita 0.9. Mimi nakipata kwenye ubavu wa kompyuta kuukuu na mashine za kufulia zilizokufa, chuma safi, kimenyooka, bei ya chuma chakavu. Bati la paa liache, tabaka lake la zinki linaikataa rangi, na baada ya mwaka itabanduka kama ngozi ya mtu aliyelala ufuoni.

Alumini nayo naikataa, ingawa ni laini na inakatika kwa raha. Kizibo changu cha kwanza kabisa kilikuwa cha alumini, nimekipigilia riveti kwenye dashibodi ya chuma, na nilijisifu nacho. Gari lile lililala kila usiku mita chache kutoka baharini. Baada ya masika mawili, pale alumini ilipogusana na chuma palitoka unga mweupe, rangi ikafura, na riveti moja ikatoka na kipande chake. Madini mawili tofauti yakigusana na chumvi yenye unyevu ikapita kati yake, moja huliwa, na anayeliwa ni alumini. Mwenye gari alinirudishia kizibo ndani ya bahasha bila neno.

Ukikata, acha milimita moja nje ya mstari, umalizie kwa tupa. Tupa isukume mbele tu, ukirudi iinue. Ukingo ukishakuwa laini kiasi cha kupitisha ulimi wa kitambaa bila kunasa, umefika.

Kwa vizibo vinavyong'aa, hapa Malindi sina mahali pa kupakia kromu. Natumia chuma cha sinki kuukuu la jikoni na kukisugua mpaka king'ae. Lakini mwambie mwenye gari mapema kwamba kromu ina ubuluu kidogo na chuma cha sinki hakina. Akivikuta vimekaa pamoja juani bila kuambiwa, atadhani umemdanganya.

Kukifunga bila kutoboa

Usitoboe tundu jipya kwenye dashibodi. Mtu wa msumeno wa miaka ya themanini ametosha. Kama matundu ya skrubu ya kiwandani yapo, tumia hayo. Kama yamekatwa, fanya nilivyomfanyia mzee: boliti mbili za milimita 4 nilizilehemu kwa risasi nyuma ya kizibo, kabla ya rangi, nikikandamiza kitambaa chenye maji kuzunguka ili joto lisipinde bati. Nyuma ya dashibodi kunapita ubao wa chuma wenye upana wa vidole viwili, mrefu kuliko tundu, boliti zinapita ndani yake, na nati zinavuta vyote viwili vikibana dashibodi katikati. Anayetaka kukitoa kesho anafungua nati mbili, na dashibodi haina kovu jipya.

Kati ya kizibo na dashibodi weka mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, uufiche ndani ya ukingo. Unazuia chumvi, na unazuia ile kelele ya tuta.

Rangi

Osha kila kitu kwa maji baridi ya bomba kwanza, hata kama huoni kitu. Hapa chumvi haionekani, inaonjwa tu. Masika sipulizi rangi kabisa, unyevu huifanya ipauke kama imemwagiwa maziwa. Kaskazi ikivuma napuliza asubuhi mapema kabla upepo haujaanza kuleta mchanga.

Usinunue nyeusi ya kung'aa. Sehemu kubwa ya dashibodi za zamani ilipakwa rangi iliyofifia makusudi, kwa sababu ikiakisi jua kwenye kioo cha mbele dereva hupofuka. Kupata rangi yenyewe usitazame juu ya dashibodi, ambako jua la miaka sitini limeshafanya kazi. Fungua droo ya dashibodi utazame upande wa ndani wa mlango wake. Kwa mzee, nje palikuwa kijivu na ndani palikuwa samawati. Tulibishana nusu saa: kizibo kifuate rangi ya kiwandani au rangi ambayo gari linayo leo? Nilitaka ya leo, kwa sababu kizibo kipya kinachopiga kelele katikati ya dashibodi iliyochoka ni aibu. Mzee alikubali baada ya kuwekewa vibati viwili vya mfano na kuvitazama kwa siku mbili. Chini weka rangi ya msingi, juu yake tabaka tatu nyembamba, na kati ya moja na nyingine nenda ukanywe kahawa.

Hita, kwa kifupi lakini soma

Nani atanunua hita Malindi? Ndiyo maana magari mengine yaliletwa pwani bila hiyo. Hata Marekani ungeweza kuagiza Camaro ya 1967 itolewe hita kwa namba C48, mpaka sheria yao ya 1968 ilipotaka magari ya abiria yawe na mfumo wa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Kwenye dashibodi, pengo la vishikio vya hita utaliziba kwa njia ileile niliyoeleza.

Lakini gari lisilo na hita lina matundu mengine kwenye ukuta kati ya injini na abiria, na hayo ndiyo ya hatari. Kizibo cha huko kikipotea, moshi wa injini unaingia ndani, na ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, inayoua. Huko tumia chuma, gasketi inayostahimili joto kuzunguka ukingo wote, na skrubu pande zote. Pia angalia injini: mahali ambapo mabomba ya hita yangeanzia, weka kizibo cha shaba chenye uzi wa kukazia kama skrubu. Kofia ya mpira inayobanwa kwa klipu hupasuka kwa joto. Moja ilimpasukia mteja wangu karibu na Gede, injini ikamaliza maji yote kabla hajaona mshale wa joto ukipanda.

Saa sitaieleza sana. Kizibo chake ni duara, kata kwa bikari. Kama saa yenyewe ipo na imesimama, usikimbilie kuitoa: nyingi za wakati ule zilikazwa springi na sumaku ya umeme yenye nukta mbili zinazogusana, na betri ikiwa dhaifu nukta zile hugandana. Mara nyingi kuzisafisha kunatosha.

Na anayetaka muziki? Spika ndogo ya bluetuthi hukaa vizuri ndani ya droo ya dashibodi. Mjukuu wa mzee ndiyo anayoitumia, na mzee hujifanya hasikii.

Kabla ya kufunga, nakwaruza nyuma ya kizibo, kwa msumari, mwaka na neno "Malindi", ili atakayekifungua baadaye asidanganyike kwamba ni cha kiwandani. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu wakati nikiandika kwenye chake. Akaniuliza kama nafasi imebaki. Nikamwonyesha, upana wa vidole vitatu hivi, chini ya boliti ya kushoto.

"Andika honi yatosha," akasema.

Nikaandika, kisha nikakaza nati.